Kinachoingia Begini

Mtu akitaka kukufukuza kwa adabu haanzi na wewe, anaanza na kitanda chako. Kibegi aliporudi nyumbani safari hiyo alikikuta chake kimekongolewa, mbao zimefungwa kamba na kuegemezwa ukutani kule uani, mvua imeshazinyeshea mpaka zimevimba. Chumbani kwake, kuanzia mlangoni hadi dirishani, kulikuwa na makabati. Mengine yamesimama, mengine yamelazwa, na katikati yake makochi yaliyovikwa nailoni, na juu ya rundo lote kioo kikubwa kimeinamishwa. Alijiona humo, amesimama na begi lake begani, kama mtu aliyekosea nyumba.

"Karibu wifi," ilisema sauti nyuma yake. Alikuwa mke wa mdogo wake, kashika ufagio. "Umekuja kukaa siku ngapi?"

Swali hilo huulizwa mgeni. Kibegi aliuliza vitu vyake viko wapi. Wifi akamwambia viko kwenye mfuko wa plastiki chini ya ngazi, na asijali, wala havikuwa vingi.

Hapo hakusema uongo. Kibegi alikuwa fundi wa milango, tena fundi wa kusafiri. Leo zahanati fulani milango haifungi, kesho shule ya bweni madirisha yamelegea, anaitwa, anakwenda, akimaliza anaondoka. Alikuwa na begi moja tu la turubai lenye mkanda wa begani, na maisha yake yote yalienea humo: vyombo vya kazi, nguo mbili, ya kuvaa na ya kufua, na shuka ambalo alijifutia, akajifunika na kulitundika dirishani pale ambapo hapakuwa na pazia. Sabuni yake ilikuwa kipande kimoja cha kuogea na kufulia, na skrubu ikigoma kuingia aliisugulia hiyo hiyo. Alikuwa na sheria zake, na aliyekaa naye siku mbili alizijua. Chombo kikishatumika kirudi mfukoni mwake kabla hujanyanyua mguu. Nguo ifuliwe jioni ivaliwe asubuhi. Usibebe usichoweza kukimbia nacho. Na kubwa kuliko zote, mkono mmoja wa begi, mmoja ubaki mtupu, maana hujui njia itakudai nini. Mama yake alikuwa akimcheka. "Wewe ukifa," alizoea kumwambia, "hatuchongi jeneza. Tunavuta zipu tu."

Kwa sababu ya begi hilo, hakuwahi kuleta nyumbani kitu kikubwa. Alileta vidogo. Kila aliporudi, hata maji hajanywa, alitoa kitu kwenye mfuko wa pembeni na kukifunga mahali pake: bawaba za mlango wa jikoni, komeo la choo, bomba la sinki, kitasa cha chumba cha mama, pete za pazia la sebuleni. Haba na haba, nyumba ile aliyoiacha marehemu baba ikawa nyumba ya milango isiyolia na mabomba yasiyodondoka. Lakini nani aliwahi kutoka nje kuitazama bawaba? Mdogo wake, yeye, alikuwa na duka la samani, na wote walimwita Makabati. Makabati akileta kitu, kinakuja kwa mkokoteni, watu sita wanasukuma, majirani wanatoka na watoto mgongoni kushangaa. Ndiyo maana nyumba nzima, na yeye mwenyewe akiwa wa kwanza, waliamini kwamba Makabati ndiye aliyeijenga.

Alilala ukumbini, juu ya mkeka, miguu ikiwa njiani mwa kila aendaye msalani. Asubuhi wifi alimwomba akaogee uani, kwa sababu bafu la ndani limesuguliwa, kuna mgeni mkubwa anatarajiwa, na madoa hayafai. Kibegi akaogea uani. Alipoingia jikoni kunawa mikono, wifi akamwambia asilikaze sana lile bomba, litaharibika, na mabomba ya siku hizi si ya kuchezea. Alilileta yeye bomba lile. Alilifunga yeye, amelala chali chini ya sinki, maji machafu yakimchuruzikia shingoni, wifi huyo huyo akimmulikia tochi. Aliufunga mdomo wake kama alivyolifunga bomba, taratibu, bila kukaza.

Chakula cha mchana aliletewa kwenye sahani ya plastiki iliyopasuka ukingo. Sahani za udongo zilikuwa zimehifadhiwa kwa ajili ya mgeni.

*

Mama ndiye aliyemwita mjomba. Hakumshauri mtu, alijitanda nguo yake akaenda mwenyewe kwa kaka yake, mtaa wa pili, na kurudi naye. Mjomba alikuwa karani mstaafu wa mahakama, mtu wa maneno machache na kikohozi kirefu, na alikuwa na tabia moja ya kazini aliyoshindwa kuiacha: mtu akisema neno zito, anamrudishia alitamke mara ya pili, ili baadaye asije akalikana.

Walikaa sebuleni. Makabati kwenye kochi, mkewe kwenye mkono wa kochi, mjomba kwenye kiti cha mbao alichokichagua mwenyewe. Mama alikuwa na ungo mapajani, anachambua mchele. Kibegi alisimama, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kaa.

Mama alisema mawili tu. Alisema chumba cha mwisho marehemu alikitaja kwa mdomo wake kuwa ni cha binti yake, maana msafiri asipokuwa na pa kurudi huyo si msafiri tena, ni mzururaji. Halafu akasema, kama neno la marehemu limekufa naye, na aambiwe, ajue. Akarudia mchele wake.

Makabati alijibu kwa upole mwingi, ule wa muuza duka. Alieleza kwamba hana ugomvi na dada yake. Dada ndiye aliyembeba mgongoni, hilo halisahau. Lakini kuna bwana mmoja, mwenye hoteli, anajenga mpya huko njia kuu, vyumba vyote anataka vitanda na makabati, na bwana huyo haamini maneno ya dukani, anataka kuona samani zikiwa ndani ya nyumba ya watu, zinatumika. Anakuja kesho kutwa. Akikubali, ukoo mzima umeukata. Sasa chumba kinachokaliwa na mtu siku chache kwa mwaka, kwa nini kisifae kazi? Na mtu ambaye yeye mwenyewe anajisifu kuishi kwenye begi, chumba ni cha nini?

"Chumba ni cha kurudi," Kibegi alisema.

"Kurudi na nini?" Hapo upole ukamtoka Makabati. Labda ni kwa sababu mkewe alikuwa akimtazama, au labda ndilo lililokuwa moyoni siku zote. "Dada, tuambiane ukweli mbele ya mjomba. Tangu umeanza hizo safari zako, umeleta nini ndani ya nyumba hii? Kochi mimi. Meza mimi. Televisheni mimi. Kabati hilo hapo mimi. Wewe kila ulicholeta kinaingia kwenye hako kabegi kako. Basi si ukichukue tu? Chukua chako kinachoingia begini, uende kwa amani. Hakuna atakayekuzuia."

Wifi alicheka kidogo, puani. Kicheko hicho ndicho kilichomaliza kazi. Kibegi angeweza kuyasamehe maneno, maana maneno ya ndugu hupoa, lakini kile kicheko kilimwingia mwilini kama kibanzi chini ya ukucha.

Mjomba alikohoa. "Hebu rudia, baba. Achukue nini?"

"Chochote alicholeta yeye, kinachoingia kwenye begi lake."

"Bila kuzuiwa."

"Bila kuzuiwa, mjomba. Mimi si mchoyo."

Mjomba akatazama dari, kama mtu anayetafuta nafasi ya kuliweka neno hilo. Kibegi alisema tu, "Nimesikia," na mama akasimamisha vidole juu ya ungo, akamtazama mwanawe kwa muda, kisha akatoa chuya moja na kuitupa chini.

*

Waungwana husema hasira hasara. Ni kweli, ila hawasemi hasara ya nani.

Siku ya mgeni Makabati aliamkia dukani, avae vizuri, ampokee bwana wake huko na kuja naye. Wifi alikwenda sokoni. Kibegi alikuwa ameshapata simu ya kazi: hospitali kubwa mpya, mwendo wa siku nzima, walikuwa wakimtaka fundi wa milango wa kudumu, na walimpa na chumba kwenye nyumba za watumishi. Walishamwita mara mbili akakataa, akiwaambia anacho chumba kwao. Safari hii alikubali. Gari la hospitali lilikuwa mjini kuchukua dawa, likitoka lingempitia kwenye kona ya barabara.

Alianza na koki kuu, nje, karibu na ukuta. Akaifunga. Fundi haachi maji yakimwagika, hata kwa adui yake. Kisha akaingia ndani, akakunjua kitambaa chake cha vyombo sakafuni na kushika bisibisi.

Hakugusa hata kimoja ambacho si chake. Mlango wa mbele aliuacha, bawaba zake zilitiwa na baba. Bomba la sinki likatoka, la bafu likatoka, na lile la kunawia pale ukumbini. Komeo la choo, vitasa, pete za pazia moja baada ya moja. Milango ya ndani aliing'oa bawaba zote, kisha kila mmoja akausimamisha tena wima kwenye fremu yake, ukakaa kimya kama uliofungwa, maana mlango ukiachwa sakafuni unapinda na yeye hakuwa na ugomvi na mbao. Kwa mbali ungesema nyumba haijaguswa.

Mama alikuwa amekaa kitandani kwake, mlango wazi, anaangalia. Kibegi alifika mlangoni hapo, akautazama, akaupita.

"Bawaba hizi alileta nani?" mama akauliza.

"Mimi, mama."

"Sasa mbona unaziruka?"

"Utalala bila mlango?"

"Nilikuwa nimekaa pale na ungo wangu," akasema, "na mtoto niliyemzaa anamfukuza mtoto niliyemzaa, na mimi nachambua mchele. Nikajiuliza, kumbe na mimi ni samani humu ndani? Toa, mwanangu. Usiniachie kitu chako kwenye nyumba ambayo wewe huna kitu."

Akazitoa. Zile bawaba mbili hakuzitupa begini pamoja na nyingine, alizitia mfukoni mwa gauni lake.

Mwisho lilikuwa kabati la sebuleni, lile la kumwonyesha mgeni. Lilikuwa kubwa, limepakwa vanishi mpaka linang'aa kama paji la uso lililopakwa mafuta. Lakini Kibegi alilijua kwa ndani. Lilikuja na bawaba za bati, nyembamba kama kifuniko cha kopo, na mwaka haujaisha milango ikaning'inia. Makabati mwenyewe ndiye aliyembembeleza, dada yangu, nifichie aibu hii. Akamfichia, kwa bawaba za shaba nzito alizozitoa begini mwake. Zile za bati mama alizihifadhi kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda, maana mama hatupi kitu.

"Nipe lile kopo," Kibegi alisema.

Akatoa za shaba, akazirudisha za bati, skrubu zile zile fupi, matundu yale yale yaliyochoka. Akalifunga kabati taratibu. Likasimama vizuri kabisa, jinsi Makabati alivyolinunua.

Alipojaribu kulinyanyua begi lilimvuta mpaka akainama. Hajawahi kubeba mzigo wa namna ile. Alilishika kwa mikono miwili, akamwinamia mama kumuaga, na mama akamwambia aende tu, asichelewe gari, hawaagani mlangoni kama wageni. Kibegi aliumia kidogo kwa ubaridi ule.

Langoni alikutana na wifi anatoka sokoni, jasho linamtiririka, na dakika zimemwishia. Akamwambia jambo moja, tena kwa kituo: "Wifi, koki kuu nimeifunga. Msiifungue mpaka mtie mabomba."

"Usinifundishe nyumba yangu," alisema wifi, akapita na vikapu vyake bila hata kumtazama.

*

Kona ya barabara ilikuwa ng'ambo ya mtaro mpana wa maji machafu ya mtaa, na ubao mmoja wa kuvukia. Gari la hospitali lilikuwa halijafika. Kibegi aliweka begi chini upande huu wa mtaro, akakaa juu yake. Aliwaona Makabati na mgeni wake wakiingia kwa gari jeupe, Makabati kavaa suruali nyeupe na viatu vya kung'aa, anafungua geti kwa mikono miwili. Kibegi akajikuta anasubiri. Si gari, anasubiri kelele. Na moyo wake ulikuwa mtamu, hilo tusimfichie. Mtamu kama wa mtoto aliyejificha nyuma ya mlango amshtue mtu.

Kwanza kilisikika kishindo. Kisha kimya. Kisha sauti ya wifi, na baada yake sauti ya watu wengi kuliko walioingia.

Aliyetoka wa kwanza ni mama. Alikuja polepole, mkoba mdogo begani, mkono mmoja umeshika ukuta, kidogo kidogo mpaka akafika, akakaa kwenye jiwe kando ya mwanawe na kushika mbavu. Kibegi alidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kile cha wazee kisicho na sauti, na ilimchukua muda kupata pumzi ya kusimulia.

Mgeni, alieleza, aliingia kwa heshima zote, akasifu kochi, akasifu meza. Akaomba kwanza anawe mikono. Makabati akamwelekeza bafuni. Bwana yule akaugusa mlango kwa kidole, wallahi kwa kidole tu, ukaondoka mzima mzima ukaenda kulala juu ya sinki kwa kishindo kile. Makabati akaomba radhi, akasema ni mafundi, siku hizi mafundi hawafai. Akamrudisha sebuleni, akamwambia labda aanze na kabati. Mgeni akashika kishikio, akavuta. Mlango ukamfuata. Akabaki ameukumbatia mlango wa kabati kama amepewa mtoto asiyemjua.

"Na maji?" Kibegi akauliza.

"Subiri, naja huko." Mama alijifuta macho. Wifi mtu alikuwa jikoni anahangaika, hakuna bomba, hakuna tone. Akapandwa na ghadhabu, akasema huyu mwanamke kanifungia maji kwa roho mbaya. Akatoka mbio, akaifungua koki kuu, akaizungusha mpaka mwisho. Yakatoka jikoni, yakatoka bafuni, na pale ukumbini yalitoka ukutani kama mkono wa mtu, yakavuka yakaingia sebuleni, yakampata mgeni na mlango wake kifuani.

Kibegi alicheka mpaka akainama. Kwa mara ya kwanza tangu akikute kitanda chake uani, alicheka. Halafu akauona mkoba wa mama.

"Mama, huo mkoba ni wa wapi?"

"Ni wa kwangu," mama alisema. "Nguo mbili, ya kuvaa na ya kufua. Shuka moja. Dawa zangu. Nimekusikiliza miaka yote hiyo na sheria zako, ulidhani naziba masikio?" Akaingiza mkono, akatoa na kitu kingine. Ilikuwa rimoti ya televisheni ya Makabati.

"Mama, hiyo ni yake."

"Rimoti ni yake. Betri nilinunua mimi."

Gari la hospitali likafika wakati huo huo, likasimama ng'ambo ya mtaro, dereva akapiga honi. Kibegi akainuka, akalivuta begi kwa mikono miwili, akamwambia mama atangulie kuvuka. Mama akaweka mguu wa kwanza kwenye ubao, ubao ukayumba, akarudi nyuma. Akanyoosha mkono hewani, atafute wa kumshika. Na Kibegi hakuwa na mkono. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika chuma.

Hapo ndipo Makabati alipotokea akikimbia. Kalowa kutoka kifuani hadi magotini, suruali nyeupe imemganda, nyuma yake kwa mbali mjomba anakuja mwendo wake wa kikohozi. Na pale getini, kando ya gari lake jeupe, amesimama mwenye hoteli anajikamua koti.

"Dada," Makabati alisema, pumzi hana. "Dada, hajaondoka. Bado hajaondoka. Nipe japo za bafuni na zile za kabati, nimwambie ilikuwa matengenezo. Chumba nakurudishia. Leo hii. Mbele ya mjomba nasema, chumba ni chako."

Hilo ndilo neno alilolitaka. Alikuwa ameliwaza njia nzima kwenye safari zake, kwenye mabweni ya watu na mabenchi ya zahanati, chumba chake, mlango wake, pa kurudi. Sasa limetamkwa, na mjomba amefika, amelisikia.

"Na kitanda changu?" akauliza.

"Nitakupa kikubwa zaidi. Kipya. Kitajaza chumba kizima."

Kibegi alimtazama. Alimbeba mtoto huyu mgongoni, akamlisha, akampangusa kamasi, na mpaka leo mtoto mwenyewe alikuwa hajaelewa hata kidogo. Angempa chumba, na mwakani angekuja mwenye hoteli mwingine. Akageuza shingo akamwona mama bado kasimama mbele ya ubao, mkono umenyooka vile vile.

Akafungua zipu. Akatoa vyombo vyake vilivyofungwa kwenye kitambaa, akavitia kwapani pamoja na shuka na ile nguo yake ya kufua. Kisha akalishika begi kwa kitako na kulipindua juu ya mtaro. Mabomba yakaenda, vitasa vikaenda, pete za pazia zikanyesha, na bawaba za shaba zikazama moja baada ya nyingine kwenye maji meusi, kila moja na sauti yake.

"Mbona hivyo!" Makabati alipiga kelele. "Dada, mbona hivyo!"

"Ulisema nichukue kinachoingia begini," Kibegi alimwambia. "Nimechukua. Kilichotoka begini sina habari nacho. Mwenye haja aokote."

Makabati akamgeukia mjomba, kama mtu anayekata rufaa. Mjomba akakohoa. "Neno lilikuwa lako, baba. Ulilitamka mara mbili."

Getini mwenye hoteli alifungua mlango wa gari lake. Makabati aliliona hilo, akauona na mtaro, akatazama viatu vyake. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Akakunja suruali, haikukunjika kwa kulowa, akaiacha, akashuka. Maji yalimfika mapajani. Akaanza kupapasa chini kwa mikono, uso ameugeuzia pembeni kwa harufu, anaita bwana, nisubiri kidogo bwana, dakika moja tu.

Kibegi alirudisha vyombo vyake begini, kila kimoja mfukoni mwake, akatia nguo na shuka juu yake, akalitundika begani. Lilikaa pale kama lilivyozoea. Akampa mama mkono wake mtupu, wakavuka ubao taratibu, juu ya kichwa cha Makabati, na mama hakutazama chini ila kuangalia anapokanyaga. Kule ng'ambo mama alifungua rimoti, akatoa betri zake, akalirusha ganda lake kwa mjomba amrudishie mwenyewe.

Dereva alikuwa ameshafungua buti. Aliwatazama wote wawili, begi na mkoba, akauliza mzigo wenyewe uko wapi.

"Tumemwachia mwenyewe," mama alisema, akaingia ndani.

Gari lilipowaka, mama aliuliza kwa sauti ndogo kama bawaba zake nazo zimezama. Kibegi akaingiza mkono mfukoni mwa gauni, akazitoa zote mbili, na skrubu zake, akamwekea kiganjani. Mama akazihesabu kwa vidole, akazitia kwenye mkoba pamoja na betri, akavuta zipu. Kisha akataka kujua kama hicho chumba cha hospitali kina mlango.

"Sijui," Kibegi alisema. "Kama hauna, nitauweka."